Mada Inayoshikika: Kupanga Shughuli za Kujifunza Nyumbani kwa Watoto wa Umri wa Awali

Ndugu wazazi na walezi, babu na bibi mnaoshinda na wajukuu wakati wazazi wao wako kazini, na walimu wenzangu. Shikamooni wakubwa zangu, na wengine wote habari za asubuhi.

Nimeombwa nizungumzie namna ya kupanga shughuli za kujifunza zenye mada kwa watoto wa miaka 3 hadi 5 wakiwa nyumbani. Hoja yangu naitoa mapema, ili hata atakayewahi kuondoka aondoke nayo: mada haimfai mtoto mdogo kama hawezi kuishika kwa mikono yake, na haimfai kama mnaibadilisha kabla hajaizoea.

Tuanze na mada yenyewe. Mzazi anampa mtoto picha ya simba aipake rangi. Kesho yake anampa herufi S aifuatishe, na keshokutwa wanaimba wimbo wa simba. Siku tatu zimepita, na simba ametajwa kila siku, ila hakuna jambo ambalo mtoto analijua leo kuhusu simba ambalo hakulijua siku ya kwanza. Simba hapo amekuwa pambo la karatasi. Sisemi kupaka rangi ni kubaya. Vidole vinapata mazoezi na mtoto anafurahi. Nasema tusiite mada kitu ambacho hakina swali ndani yake.

Mada ina swali ambalo mtoto anaweza kulihangaikia mwenyewe. Maji yakimwagika yanakwenda wapi? Kwa nini kivuli changu kimekuwa kifupi? Ndani ya mbegu kuna nini? Ukishakuwa na swali la namna hiyo, shughuli zinaanza kuitana. Jibu la leo linaleta ulizo la kesho, na mpango wako unaandikika bila kuhangaika kutafuta cha kufanya kila asubuhi.

Wazo hili lina umri mkubwa kuliko wote tuliomo humu. Mwalimu Friedrich Fröbel alipofungua kituo chake cha watoto wadogo katika mji wa Bad Blankenburg, Ujerumani, mwaka 1837, aliwapa watoto mipira, vipande vya mbao na vijiti vya kupangia maumbo, na baadaye vibustani vyao wenyewe vya kulima. Maria Montessori, daktari wa Italia, alifungua nyumba yake ya watoto mtaa wa San Lorenzo, Roma, Januari 1907, na moja ya mambo aliyosisitiza ni vifaa kukaa kwenye rafu fupi ambayo mtoto anaifikia bila kuomba. Mwaka huohuo daktari mmoja wa Ubelgiji, Ovide Decroly, alianzisha shule Brussels. Huyu ndiye ningependa tumsikilize zaidi leo, kwa sababu alikataa kulikatakata somo vipandevipande. Aliyapanga masomo kuzunguka mahitaji ambayo mtoto anayahisi mwilini mwake: kula, kujikinga na jua, mvua na baridi, kujilinda na hatari, kufanya kazi na kucheza pamoja na wenzake.

Decroly aliacha mpangilio wa hatua tatu ambao mzazi yeyote anaweza kuutumia. Kwanza mtoto anatazama na kushika kitu chenyewe. Kisha anakihusisha na vitu vingine, vilivyopo na visivyokuwepo, vya leo na vya zamani. Mwisho anakieleza kwa njia yake: kwa maneno, kwa mchoro, kwa udongo, kwa kuigiza. Kutazama, kuhusisha, kueleza. Sisi nyumbani mara nyingi tunaanzia mwisho. Tunamtaka mtoto achore mvua kabla hajanyoosha mkono nje dirishani akahisi matone.

Basi unapanga vipi?

Kabla ya kuandika chochote, mtazame mtoto kwa siku kadhaa. Anarudia nini? Anasimama wapi mnapotembea? Kuna anayefungua na kufunga milango mpaka anakera. Huyo anachunguza bawaba na komeo. Kuna anayepanga viatu vya nyumba nzima kwa mstari. Huyo yuko tayari kulinganisha ukubwa na kuunda jozi. Kuna anayechuchumaa mbele ya sisimizi hata umwite mara ngapi. Mada nzuri karibu zote ziko ndani ya nyumba au hatua chache kutoka mlangoni: maji, vivuli, mbegu, mawe, wadudu, sauti, mikono yangu, vitu vinavyobingirika. Mimi huwashauri wazazi wasianze na dinosaria wala sayari. Mtoto anaweza kuzipenda sana, na akikuuliza mjibu, lakini hawezi kuzishika, hivyo kila atakachojua itabidi akipokee kutoka kwako kama kilivyo.

Ukishapata mada, chukua nusu karatasi. Nusu inatosha, na nasisitiza hivyo kwa sababu mipango mirefu ndiyo inayowachosha wazazi wakaacha yote katika wiki ya pili. Juu kabisa andika swali. Chini yake andika maneno manane au kumi unayotaka mtoto ayatumie mwenyewe kufikia mwisho. Kisha orodhesha vitu atakavyoshika, vile ambavyo tayari vipo nyumbani. Mwisho andika shughuli kuu moja kwa kila siku, na uache siku moja au mbili za wiki bila kitu ili mrudie aliyoipenda. Mada moja ipe wiki mbili. Ikiwa bado ina moto, iongezee ya tatu.

Ngoja niwaonyeshe kwa maji.

Siku ya kwanza, hakuna somo. Weka beseni lenye maji kidogo chini, tandika kitambaa, weka vikombe vya ukubwa tofauti, chupa tupu, faneli kama ipo, sponji, kijiko. Kaa karibu unyamaze. Atamimina. Atajaza chupa mpaka ifurike, atamwaga, atajaza tena. Usimkatishe kumwambia ahesabu vikombe. Anachofanya hapo ndio msingi wa kujua ujazo: kwamba chupa nyembamba ndefu na bakuli pana linaweza kubeba maji yaleyale. Jean Piaget, mwanasaikolojia wa Uswisi, alionyesha kwamba watoto wengi wa umri huu husema maji yameongezeka yakihamishiwa kwenye chombo chembamba kirefu, eti kwa sababu yamepanda juu. Ukimwambia amekosea hutambadilisha. Kumimina mara nyingi, kwa miezi, ndiko kutakakomsogeza.

Siku ya pili mnaleta vitu: kijiko cha chuma, kifuniko cha plastiki, jiwe, jani, kipande cha mti, ufunguo, kizibo. Kabla hajatumbukiza kitu, muulize: "Hiki kitaelea au kitazama?" Mwache aseme. Kisha atumbukize. Msipite haraka kwenye sekunde ile kati ya kusema na kuona, maana hapo ndipo anajifunza kubashiri na kukubali kile alichokiona. Watoto wengi watakuambia vikubwa vinazama na vidogo vinaelea. Vizuri. Mtafutie kipande kikubwa cha mti na kijiwe kidogo, uviweke mbele yake bila kusema neno.

Siku nyingine mpe donge la udongo wa kuchezea. Alitumbukize: linazama. Alitoe, alikaushe, kisha mlitandaze pamoja liwe bakuli jembamba lenye kingo zilizosimama. Aliweke taratibu juu ya maji. Udongo uleule, uzito uleule, sasa unaelea. Nimewahi kumwona mtoto wa miaka 4 akilitoa bakuli lile majini, akalikunja kuwa donge, likazama, akalitandaza tena, mara nyingi, bila kutazama mtu yeyote. Hapo hakuna haja ya kumweleza habari za ujazo na msukumo wa maji. Inatosha umwambie, "Umebadilisha umbo, likaelea." Neno *umbo* limepata kazi ya kweli, na hatalisahau.

Wiki ya pili ya maji mnahusisha. Chora kwa maji na brashi ukutani au sakafuni kwenye jua, muone mchoro unavyotoweka, mjiulize umekwenda wapi. Weka sahani mbili zenye maji kidogo, moja juani na moja kivulini. Loweka kitambaa, sponji, karatasi na mfuko wa plastiki, muone nini kinanyonya na nini hakinyonyi. Ongeeni juu ya nani wengine wanahitaji maji: mimea, wanyama, mtoto mchanga anayeogeshwa. Halafu aeleze kwa njia yake. Achore, au awafundishe wadogo zake kwa beseni lilelile. Mtoto akimfundisha mwenzake utasikia mwenyewe maneno gani yameshika na yapi hayajashika.

Nimekaa muda mrefu kwenye maji kwa makusudi, kwa sababu mada nyingine zinakwenda kwa njia hiyohiyo na mtazipanga wenyewe. Vivuli havihitaji zaidi ya chaki na jua: msimamishe mtoto mahali palepale asubuhi, mchana na alasiri, mchore mstari kuzunguka kivuli chake kila mara. Mbegu zinahitaji subira. Loweka maharage usiku kucha, yaweke kati ya kitambaa chenye unyevu na ukuta wa chupa inayopitisha mwanga, mtoto aone kila siku. Mzizi hutoka kwanza, kabla ya chipukizi, na ukiigeuza mbegu juu chini mzizi utajipinda kuelekea chini. Wadudu wanataka jicho tu na kioo cha kukuzia ukikipata. Hesabuni miguu: sisimizi ana 6, buibui ana 8, kwa hiyo buibui si mdudu. Mtoto wa miaka 5 atalitangaza jambo hilo kwa kila mgeni atakayebisha hodi.

Niseme kidogo kuhusu namba na herufi, kwa sababu najua ndizo mzazi anazotaka kuziona. Zinaingia ndani ya mada bila kulazimishwa, lakini tuelewe tunatafuta nini. Mtoto anayetamka moja mpaka kumi bila kukosea huenda hajui kuhesabu bado. Mpangie mawe 5, ahesabu kwa kugusa. Akimaliza muulize, "Kwa hiyo yako mangapi?" Akianza tena moja, mbili, tatu, bado hajafika kuelewa kwamba neno la mwisho alilotaja ndilo idadi ya mawe yote. Mjaribu pia kwa kumwambia, "Nipe vikombe vitatu." Akikuletea vyote vilivyo mezani, umepata habari muhimu kuliko mtihani wowote, na dawa yake ni vikombe vitatu leo, mawe matatu kesho, majani matatu keshokutwa.

Kwa herufi, andika wewe anachokisema yeye. Amechora beseni, muulize anasemaje, uandike chini ya mchoro maneno yake kama alivyoyatamka, kisha umsomee huku kidole kikifuata. Anaona maneno ya kinywani mwake yakikaa kwenye karatasi yakasubiri kusomwa kesho. Ongea naye kwa lugha mnayoizungumza vizuri zaidi nyumbani. Akishajua vizuri nini maana ya *kuelea* kwa lugha yake, lugha ya shule itakapokuja itampa neno jipya la jambo analolijua tayari.

Suala la muda. Watu huniuliza mtoto akae na shughuli kwa muda gani. Wa miaka 3 anaweza kuondoka baada ya dakika chache, na wa miaka 5 anaweza kuzama nusu saa. Kufupisha kwake si kushindwa kwa mpango wako. Acha vifaa mahali anapovifikia, na mara nyingi atarudi mwenyewe. Vilevile, mada isiwe ya kukaa mezani tu. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, linashauri mtoto wa miaka 3 na 4 awe kwenye harakati angalau dakika 180 kwa siku, na angalau 60 kati ya hizo ziwe za nguvu, zile za kukimbia na kuruka. Mwongozo huohuo unasema kukaa mbele ya skrini kusizidi saa 1, na ikipungua ni bora zaidi. Usingizi uwe wa saa 10 hadi 13. Kwa hiyo wiki ya maji, mtoto abebe maji kwa kikombe kutoka upande mmoja wa uwanja mpaka mwingine bila kuyamwaga. Wiki ya wadudu, aruke kama panzi, atambae kama kiwavi. Mwili nao unasoma.

Wenye watoto wa rika tofauti chini ya dari moja, msipange mada mbili. Mada iwe moja, kazi zitofautiane. Wa miaka 3 anamimina, wa miaka 5 anahesabu vikombe vilivyojaza ndoo na kuweka alama kwa kila kikombe, kaka yao wa darasa la pili anaandika matokeo. Lev Vygotsky, mwanasaikolojia wa Urusi, alifundisha kwamba jambo ambalo mtoto leo analiweza kwa kusaidiwa na anayemzidi ujuzi, kesho ataliweza peke yake. Nyumbani, huyo anayemzidi mara nyingi ni dada yake. Mwache afanye kazi hiyo, ila msimgeuze yaya.

Na sasa jambo ambalo siwezi kuliacha. Hakuna shughuli ya maji bila mtu mzima aliye karibu kiasi cha kunyoosha mkono. Mtoto mdogo anaweza kuzama kwenye maji yenye kina cha sentimita chache tu, tena kimyakimya. Mkimaliza, beseni limwagwe papo hapo. Maharage na shanga huingia puani na masikioni, na mbegu kavu ikikwama huvimba kwa unyevu. Maharage mabichi yana sumu, hayaliwi. Betri ndogo za duara, zile bapa kama sarafu, zisiwepo kabisa kwenye kisanduku cha vifaa. Mtoto akimeza moja, apelekwe hospitali saa hiyohiyo bila kusubiri dalili. Na kama nyumbani kuna mtoto anayetambaa, kila kitu kinachoweza kuingia kinywani mwake kitumike juu ya meza na kihesabiwe mnapokusanya.

Kukusanya vifaa nako ni sehemu ya mada. Vikombe vikae pamoja, vitambaa vianikwe, mawe yarudi kwenye kikapu. Anayeainisha vitu kwa aina wakati wa kurudisha anafanya hesabu, na mzazi anapata nyumba yake.

Kabla hatujaingia kwenye kikao hiki mama mmoja alinisogelea akaniambia kijana wake hataki mada yoyote isipokuwa magari. Ameletewa mbegu, ameletewa vivuli, yeye ni magari tu. Akaniuliza atamtoaje huko.

Mama, usimtoe. Ingia huko aliko. Chukua ubao mmoja, uegemeze kwenye kitabu kimoja, aachie gari libingirike, mweke alama liliposimama. Kisha vitabu viwili, kisha vitatu. Kila mara abashiri kwanza, aweke kidole pale anapofikiri litafika. Pimeni umbali kwa nyayo zake mwenyewe. Siku nyingine muachie gari lilelile kwenye sakafu laini, halafu kwenye zulia, halafu kwenye mchanga. Ayapange kwa ukubwa, kwa rangi, kwa idadi ya magurudumu. Ayaoshe. Atengeneze barabara ya kamba, achore alama za barabarani, awe trafiki na wewe uwe dereva. Maneno yako ni *mteremko, kasi, mbali, karibu, laini, yenye mikwaruzo, simama, geuka.* Kuna wiki tatu hapo, pengine zaidi. Na siku atakapokuuliza kwa nini gari linasimama lenyewe kwenye zulia wakati hakuna aliyelishika, usiwahi kujibu. Muulize anadhani ni kwa nini, kisha mlete vitambaa vyote mlivyonavyo mjaribu kimoja kimoja.

Asanteni sana kwa kunisikiliza. Sasa naomba nipokee maswali, tuanze na walioketi nyuma.